Salamu ya Saa Moja Asubuhi

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hakuzipenda kompyuta. Ajabu, maana riziki yake yote ilitokana na kuandika programu. Lakini kompyuta ya ofisini aliiita nyumba ya wapangaji wengi. Yeye alipenda chipu, kidude kidogo kuliko ukucha, kisicho na mfumo endeshi wa kugawa zamu wala wa kuamua ugomvi. "Humu ndani hakuna baba wala mama," alikuwa akisema. "Usilolifanya wewe, halifanyiki."

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Meza mbili, dirisha lisilofunga vizuri, na feni iliyolalamika kuliko mama mkwe wangu. Tulitengeneza vifaa vya kuendesha mashine za joto, zile wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Programu yetu ilikuwa inazunguka tu: soma joto, washa au zima hita, angalia mlango, angalia kengele, rudi mwanzo. Mara mia kila sekunde. Nyie mnaoandika programu za simu mkichelewa, mteja anasonya. Sisi tukichelewa, mtoto anaungua.

Ndani ya chipu mna mlinzi. Si mtu, ni kihesabio kinachoshuka kuelekea sifuri. Programu isipomsalimu kila sekunde, anajua imekwama, basi anazima kila kitu na kuanza upya. Shemeji alikuwa na sheria moja asiyoibadilisha: mlinzi anasalimiwa mahali pamoja tu, mwisho wa mzunguko, baada ya kila kazi kukaguliwa.

Mimi, mwaka wangu wa kwanza, nikajifanya mjuaji. Mashine moja ilikuwa ikijizima ovyo na hospitali walikuwa wanaisubiri. Nikaona, ya nini kuumiza kichwa? Chipu ina saa yake, na saa hiyo hukatiza kazi yoyote inayoendelea. Nikaiambia saa ndiyo imsalimu mlinzi. Mashine ikatulia tuli, nami nikajisifu mpaka kwa mwenye duka la vioo.

Shemeji aliweka chupa ya plastiki yenye maji mahali pa mtoto, akachomoa waya wa kipimajoto. Programu ikaganda pale pale ikisubiri jibu, hita ikiwa imewaka. Saa ikaendelea kutoa salamu. Tulikaa tukiitazama ile chupa mpaka ikaanza kujikunja.

"Salamu uliiweka wapi, shemeji?"

"Kwenye saa."

"Kwa hiyo saa ni nzima."

"Ni nzima."

"Na mtoto je?"

Nilinywea. Lakini alijua kuuma na kupuliza, yule mtu. Akanimiminia chai, akadai na yeye aliwahi kufanya vile vile, uongo mtupu bila shaka, kisha akavuta kiti. "Basi, tutaiandika upya."

Miaka kumi na tisa tulikaa hivyo, mgongo kwa mgongo. Nayakumbuka hata yaliyokuwa yakiniudhi: penseli sikioni huku akiitafuta chumba kizima, na kuimba wimbo mmoja nusu nusu asiujue mwisho. Kumbukumbu ya zile chipu haikutosha hata barua ya mapenzi, kwa hiyo kila nilipoongeza mistari alinitania, "Ndugu yangu anakulisha nini, mbona programu zako zinanenepa?" Sijacheka kazini kama nilivyocheka pale.

Alistaafu, mkewe akafariki, akabaki peke yake. Alikataa kuhamia kwetu. Mwenyewe alikuwa na hofu moja tu, aanguke na mtu asijue. Tukakubaliana: kila siku saa moja asubuhi namtumia salamu kwa simu, naye anajibu. Asipojibu mpaka saa mbili, nakwenda. Ufunguo alinipa.

Mwaka wa kwanza niliandika kwa mkono wangu. Kisha nikapata kazi kwenye ofisi kubwa, vikao asubuhi, vikao jioni. Nikagundua kwamba simu inaweza kutuma ujumbe yenyewe. Ndiyo, mimi huyu huyu. Kila siku saa moja kamili ikawa inatuma: "Umeamkaje, shemeji?" Majibu yake nilikuwa nasoma mchana, baadaye jioni, baadaye nikawa najua tu kwamba yamo.

Siku moja mchana alinipigia fundi cherehani, jirani yake. Shemeji alikuwa ameteleza bafuni jana yake asubuhi, nyonga imevunjika. Asubuhi ya pili, akiwa bado sakafuni, alisikia simu ikilia chumbani. Ilikuwa salamu yangu.

Hospitalini alinigeukia, midomo imekauka.

"Salamu uliiweka wapi, shemeji?"

Angenitukana ningepumua. "Kwenye saa," nikasema.

Akautafuta mkono wangu juu ya shuka. "Basi, tutaiandika upya."

Siku tisa nilikwenda mwenyewe, nikafukuzwa na wauguzi, nikarudi. Siku ya kumi mapafu yakamshinda. Kumlilia namlilia mpaka leo, na sifichi.

Majibu yake niliyafungua baada ya mazishi. Yalikuwa arobaini na moja ambayo sikuwa nimeyasoma, na hakuna mawili yaliyofanana. Goti limegoma leo. Mwanao amepona kikohozi? Nimelipata lile daftari letu la michoro, njoo ulione. Nikateremka moja moja mpaka la mwisho, la siku moja kabla hajaanguka:

"Nimeamka salama. Shemeji, siku moja chelewa kidogo, nijue ni wewe."