Kitanda Kilichozungushwa Nyumba Nzima

Madalali wote walimwita Kona, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Jina lilimkaa kwa sababu kila akiingia chumbani alikwenda moja kwa moja kujibana pembeni, mgongo ukutani, kisogo kikigusa rangi, kamera kifuani. Ukipiga picha kutoka huko, chumba cha kulala mtu na nusu kinaonekana ukumbi. Ndiyo ilikuwa kazi yake: kupiga picha nyumba za kuuzwa na za kupangishwa. Madalali walizitia kwenye matangazo yao, watu wakaziona kwenye simu, wakameza mate.

Kazi hiyo ilimwangukia mtu asiyefaa kabisa. Tangu utotoni Kona alikuwa mtu wa kinyaa. Dada zake walimcheka kwamba akiona unywele kwenye sahani, anashiba. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelazimika kuingia majumbani mwa watu kila siku: masinki yenye utelezi mweusi, magodoro yenye ramani za njano, vyoo ambavyo kifuniko chake unakiinua kwa ncha ya kiatu. Nyumba wanayohama watu ina uchafu wake. Waliokwisha kuamua kuondoka hawafagii tena, wanasukuma tu. Akirudi nyumbani, mumewe, fundi majokofu, alimpisha njia hadi bafuni bila kumuuliza habari za kutwa.

Lakini uchafu wa kuosha alikwishauzoea kidogo. Uliomkaa rohoni ni ule wa kwenye kompyuta. "Dada, ule ufa ufute," dalali alikuwa akimwambia. "Ukungu wa ukutani ung'arishe. Na lile jalala la dirishani, niwekee anga." Naye alifuta, aling'arisha, aliweka anga. Akimaliza alikuwa anahisi kama amelamba kitu.

Asubuhi moja aliitwa na dalali aliyemzoea, mtu wa simu mbili na marashi ya kufukuza mbu, waende kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo na baraza mbele. Mlango ulifunguliwa na mtoto mkubwa wa mwenye nyumba, mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililonyooshwa mpaka likatoa makali. Mkewe alikuwa nyuma yake, ameshika chupa ya manukato ya kupulizia chumbani.

"Karibuni," alisema yule mwanamume kwa sauti ya chini. "Mzee anaumwa, yupo huko ndani. Tuanze na sebule."

Harufu ilimpokea Kona kabla ya kiti. Kulikuwa na dawa, mkojo wa jana, na juu yake yale manukato matamu yaliyopulizwa punde, kama mtu aliyevaa shati jipya bila kuoga. Alipumulia mdomoni, akapiga sebule, akapiga chumba cha mbele. Kisha akasema sasa anahitaji chumba cha pili.

"Ngoja tukitoe," alisema mwanamume.

Walikitoa kitanda. Kilikuwa kitanda cha chuma chenye magurudumu, na juu yake alilala mzee mwembamba, upande wake wa kulia umepooza, mdomo umevutwa kidogo. Mwanawe alivuta mbele, mkwewe akasukuma nyuma. Gurudumu moja lilikwama kwenye kizingiti, wakalitikisa, kichwa cha mzee kikagonga chuma. Ko! Kona alisikia vizuri kabisa. Hakuna aliyesema pole.

Walimwingiza chumba cha mbele, Kona akapiga chumba alichotoka. Akahitaji kurudia chumba cha mbele kwa sababu mwanga ulikuwa umebadilika, wakamtoa wakamweka cha tatu. Kona akafika cha tatu, wakamtoa mzee wakamweka kwenye ujia. Mguu mmoja wa mzee ukawa unaonekana mlangoni.

"Sogeza huo mguu," mwanamume alimwambia mkewe. Huo mguu, kama mguu wa meza. Mkewe alirusha blanketi juu yake, na blanketi likafunika hadi uso. Halikutikisika. Ni Kona aliyekwenda kulishusha, na chini yake akakuta macho mawili makavu, yaliyo wazi, yakimtazama kwa utulivu.

"Mnunuzi akiuliza habari za mgonjwa?" mwanamume alimuuliza dalali.

Dalali alicheka. "Nyumba inauzwa tupu, kaka. Mzee hayumo kwenye bei."

Na mtoto wa kuzaa wa yule mzee naye akacheka. Hakucheka sana, alitoa kile kicheko cha puani cha mtu anayemridhisha mwenzake. Kona alijifanya anafuta lenzi.

Kisha wanaume wawili wakatoka nje kutazama mpaka wa ua, mke akaenda jikoni kuondoa masufuria yasionekane pichani. Kona akabaki kwenye ujia na mgonjwa.

"Binti," mzee aliita. Maneno yake yalitoka polepole, yakiburuta upande mmoja, lakini yalikuwa kamili.

"Naam, mzee."

"Wameniambia wewe umekuja kutazama kuta za kupakwa rangi. Mimi nimepaka rangi miaka arobaini. Nyumba hii yote nimeipaka mimi. Fundi rangi haendi kusimama pembeni na kamera. Anagusa ukuta. Anakwangua kwa ukucha. Wewe hujagusa hata mmoja." Alipumzika kidogo. "Inauzwa?"

Kona alitazama mlango wa jikoni. Angeweza kusema hajui. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amesema hajui: wapangaji walipomuuliza, majirani walipomuuliza. Safari hii neno lenyewe lilimtia kichefuchefu.

"Ndiyo, mzee. Inauzwa."

Mzee aliinua mkono wake mzima. Kwenye mikunjo ya dole gumba bado kulikuwa na wino wa zambarau. "Waliniambia natia kidole kwenye karatasi za hospitali," alisema. Hakulia. Alikitazama kile kidole kama anatazama kazi mbovu ya fundi mwingine. "Nina binti, mdogo kwa huyu. Yuko mbali. Simu yangu wanasema imekufa, lakini namba yake iko kichwani. Nipigie."

Aliitaja tarakimu kwa tarakimu. Kona alibonyeza, akamshikia simu sikioni.

"Mama," mzee alimwita binti yake, kama wazazi wanavyoita.

Upande wa pili ikatoka sauti kali kiasi kwamba hata Kona aliisikia: "Baba? Baba, unaongea? Kaka amesema huongei tangu mwaka jana! Kila nikipiga ananiambia umelala!"

"Naongea," mzee alisema. "Njoo."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, sufuria mkononi. "Jamani!" akapiga kelele. "Jamani, njooni!"

Wanaume walikuja mbio. Mwanamume alimnyang'anya Kona simu, akaona namba ya dada yake, akaikata. Jasho likamtoka kwenye lile shati la makali. Akamgeukia mgonjwa, na sauti yake ikalainika ghafla mpaka ikachukiza: "Baba yangu, hatukutaka kukusumbua tu."

"Dada," dalali alimwambia Kona, "umeitwa kupiga picha au kupiga simu?"

Kona alichukua simu yake na vifaa vyake, akatoka. Dalali alimfuata hadi getini.

"Familia za watu si kazi yetu. Nitumie picha leo, mengine tuyasahau."

"Sitakutumia."

Dalali alimtazama toka juu hadi chini. "Leo ndiyo umejiona msafi? Ile nyumba ya mwezi uliopita, ukungu wa chumba cha watoto nani aliufuta? Mimi najua kushika kompyuta mimi?"

Kona alivuka barabara, akainama kwenye mtaro, akatapika chai yote ya asubuhi.

Nyumbani alifungua zile picha kwenye kompyuta. Zilikuwa nzuri, vyumba vipana, mwanga mzuri. Katika moja, kwenye kioo cha kabati la chumba cha tatu, kulikuwa na wayo wa mguu na gurudumu. Siku nyingine asingefikiri mara mbili, angeufuta. Aliukuza ule wayo: kisigino kimepasuka, kucha ndefu zimejikunja, hazijakatwa kwa miezi. Alijua kinyaa chake vizuri, na aliona kwamba hakikuwa cha zile kucha. Akazifuta picha zote, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo umempoteza mteja," mumewe alisema.

"Nimemtapika."

Binti wa mzee alifika siku ya tatu, pamoja na mwanasheria. Mnunuzi ambaye dalali alikuwa amempata hata bila picha, aliposikia kwamba mwenye nyumba yu hai, anaongea, na hajui alichokitia kidole, alijitoa haraka. Nyumba haikuuzwa. Wiki chache baadaye binti huyo akampigia Kona: baba anataka apigwe picha, na amesema apigwe na yule wa kusimama pembeni.

Kona alikwenda, akiwa na hakika hatawakuta yule mwanamume na mkewe. Aliwakuta. Mzee alikuwa amekalishwa barazani, amenyolewa, na kijana wake mkubwa alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu. Mkwe alitoka na chai, akitabasamu meno yote. "Karibu, dada yetu!" Dada yetu! Kikombe kilikuwa kisafi, kinang'aa. Kona alikishika, akakirudisha mezani.

"Mzee," alinong'ona walipobaki wawili, "huyu si ndiye aliyetaka kukuuza na kuta zako?"

"Ndiye." Mzee alimeza mate kwa shida. "Binti yangu anarudi kazini kwake Jumatatu. Hati za nyumba sasa anazishika yeye. Lakini usiku nani atanigeuza? Huyu anajua upande unaouma. Unadhani mimi sioni? Naona. Akiniwekea kijiko mdomoni, namtazama, na yeye anajua kwamba namtazama. Nameza."

Akataka apigwe picha pamoja na mwanawe. Yule mwanamume alikuja akiinamisha kichwa, akaweka mkono begani mwa baba yake, na Kona akaona kupitia lenzi jinsi bega lile lilivyokakamaa chini ya mkono. Alibonyeza mara moja tu.

Mzee aliomba kuona. Akaitazama picha kwenye kioo cha kamera muda mrefu, akakunja pua.

"Mbaya," alisema. "Lakini usiguse kitu. Niletee hivyo hivyo ilivyo."