Kikohozi cha Baba Mkwe

Sijawahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Niliolewa Kisondela nikiwa bado msichana mdogo, nikaishi nyumba ya pili kutoka kwake, lakini nilichokijua kwake ni kikohozi tu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana anamtila baba mkwe, yaani anamkwepa. Hamtazami, hapiti njia yake, hatamki jina lake. Yeye akikaribia anakohoa, nawe unaingia migombani mpaka apite.

Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya chai, anakuja mara mojamoja. Nilikuwa na mimba changa. Asubuhi moja, ukungu umeshuka hadi chini, nilitoka mtoni na ndoo kichwani, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nikaruka pembeni haraka. Mbele yangu, karibu kiasi cha kugusa, palikuwa na koti jeusi na mkono ulioshika fimbo. Nikainamisha uso, maji yote yakamwagika. Nilisubiri hatua zipite. Hazikupita. Nilipoinua macho, palikuwa na migomba na ukungu tu.

Haukupita muda nikaanza kuwashwa ukeni. Kwanza kidogo, kisha sikuweza kukaa. Nilivimba, mkojo ukawa moto, ukatoka utoko mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Moyoni nilijua: nimevunja mwiko, kivuli kile kimeniingia, na sasa kinakula njia atakayopita mtoto wangu. Kikimaliza njia, kitamfikia mwenyewe.

Miaka ile maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa tena baada ya kukaa matupu muda mrefu. Nilinunua sabuni ya rangi ya waridi yenye harufu kali, nikajisugua nayo asubuhi, mchana na jioni, hadi ndani. Nikajaribu maji ya chumvi, nikalia peke yangu bafuni nimeuma kanga. Nilikuwa na chupi za nailoni za mitumba. Kamba ya nguo ilikuwa uani, mahali baba mkwe angeweza kuiona, basi chupi nilizitandaza chini ya godoro. Rungwe mvua haina likizo. Nilizivaa zikiwa mbichi, zina harufu ya uvundo.

Mwishowe nilikwenda kliniki. Nesi alinipa vidonge vya kuweka ukeni, nikapona. Siku zikapita, nikasikia kikohozi migombani, na muwasho ukarudi. Nikapewa dawa tena, nikapona. Kikohozi kikasikika, ukarudi. Ikawa nikilala nasikiliza, nimeshika tumbo.

Safari ya tatu mama mkwe alisema anakuja na mimi.

"Tena?" nesi aliuliza aliponiona.

"Anajikuna kama mbuzi kwenye nguzo," mama mkwe akasema. "Mimi nilidhani ni chawa wa mitumba."

Nesi alicheka, mimi nikatazama sakafu. "Ni fangasi, mama. Mimba yenyewe inaileta, wanawake wengi wanaipata. Ila hii ya kwako, binti, mbona haitulii? Unajioshea nini?"

Nikamtajia ile sabuni.

"Loo! Hiyo inakuchubua. Maji matupu, nje tu, ndani usiguse. Na chupi unaanika wapi?"

Nikajifanya kufunga kanga vizuri. Akauliza tena.

"Chini ya godoro."

"Chini ya godoro jua linawaka?"

"Anamtila baba," mama mkwe akajibu kwa niaba yangu. Nesi naye alikuwa wa kwetu, akaacha kucheka.

Nikajikaza. "Inamla mtoto?"

"Haimli. Mtoto amefungiwa ndani, yuko salama."

"Na kama ni kivuli cha mtu?"

Alinitazama kidogo. "Kivuli hakitoi utoko, binti. Vaa pamba, zikauke kabisa ndipo uvae. Ukiona inarudi, njoo, usijitibu. Na mumeo kama anawashwa, aje naye."

Njiani, kwa mara ya kwanza, nilimsimulia mama mkwe habari ya lile koti. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Ni ile siku uliyorudi na ndoo tupu?"

"Ndiyo, mama."

"Siku hiyo baba mkwe wako alikuwa msibani Nkunga. Alikwenda jana yake."

Akatangulia kuingia ndani.

Kesho yake alifunga kamba mpya nyuma ya jiko, upande wa mashariki, jua linakotoka kama likiamua kutoka. Kamba ilikatiza juu ya njia ya baba mkwe.

"Mama, baba anapita hapa."

"Anika."

"Mama, nitamtazamaje..."

"Kwani umewahi kumtazama? Anika!"

Nikaanika, kisha nikajificha jikoni. Ukungu ulikuwa unapanda taratibu, na chupi nyeupe za pamba nilizonunua tulipotoka kliniki zilining'inia bila kutikisika. Kikohozi kikaja. Hatua zikaja, zikasimama. Sikusikia kitu, hata kuku. Nilishika tumbo nikingoja muwasho uanze.

Kikohozi kikasikika tena, mbali, chini upande wa mto. Alikuwa amegeuka, ameshika njia ndefu ya kuzunguka bonde. Tangu siku ile hakupita nyuma ya jiko tena, mzee wa miguu mibovu, mvua ikinyesha au isinyeshe. Majani yakaota kwenye njia yake.

Muwasho ulirudi mara moja kabla ya kujifungua, mwepesi. Nikaenda kliniki, ukaisha.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya ukungu, mzima, analia kwa hasira. Aliponyamaza kunyonya nilisikia kikohozi kule mtoni, kikakaa hapohapo muda mrefu, hakisogei, kama mtu anayesikiliza. Sikujua ni nani. Nikamtikisa mtoto kidogo, alie tena, asikike.