Nimetuma namba za rula ambayo haipo mtoni

Eeh, basi ndo nikakuta haipo. Admin samahani, simu ilizima chaji nikiwa katikati, ikabidi niilete hapa kwa mwenye kigenge mwenye sola. Naanza upya kidogo maana najua wengine hamjanielewa. Jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu huku kwetu Nachingwea, ukikaribia Ruangwa. Mi ni mama wa miaka arobaini na saba, shule niliishia la nne, nalima ufuta na vikorosho vyangu, ila kinachojulikana zaidi ni mdomo wangu. Wananiita Bi Redio. Nikikuta wawili wanaongea mi ndo wa tatu, na habari ikipita kwangu inatoka imenenepa. Sikatai.

Mwaka juzi walikuja watu wa maji na gari, wakasimika mtoni chuma kirefu kina namba kama rula ya shule. Mi nakaa karibu na kivuko na namba nazijua, wakanichagua. Kila asubuhi na kila jioni nateremka, naangalia maji yamegusa namba gani, naandika kwenye daftari, namtumia meseji kijana wao wa ofisini. Kijana wa Moshi, mpole, ananiita mama. Nikapewa buti za mvua na mwavuli. Jamani nilivyoringa! Hadi gulioni nilienda na buti, jua linawaka.

Sasa mvua za safari hii zilipokolea, watu wakaacha kivuko wakawa wanazunguka darajani. Nikabaki nateremka peke yangu. Asubuhi moja namkuta mamba. Kalala pale pale kwenye rula, katulia, kama yeye ndo kaajiriwa kusoma. Nilipanda ule mteremko buti moja likabaki kwenye matope, hadi leo sijalifuata. Kumwambia kijana nikaona atasema huyu mama kazi imemshinda, ampe mwingine. Basi nikawa nakadiria kwa mbali, nimesimama juu kwenye mikorosho. Baadaye hata huko nikaacha kwenda. Nakaa barazani kwangu natuma: leo moja nukta mbili, kesho moja nukta tatu, keshokutwa narudi moja nukta mbili ili zisifanane. Wiki tatu hivo. Kijana akanipigia kunisifu, "Mama, vipimo vyako vimetulia sana." Nikacheka, nikamwambia, "Mto ndo umetulia, mwanangu."

Kumbe zile namba zinarudi kijijini! Ijumaa mwenyekiti kasimama nje ya msikiti, katangaza kwamba watu wa maji wamesema mto haujapanda, wenye mpunga bondeni waendelee kulala kwenye madungu, vile vichanja vya kulindia shamba, wafukuze nguruwe. Dada yangu wa tumbo moja yuko huko na shemeji, na shemeji mguu mbovu, anatembelea fimbo. Nilikuwepo pale pale nasikia, mdomo haukufunguka. Mimi! Siri ya mtu haijawahi kulala kwangu, hii yangu imelala wiki tatu.

Leo asubuhi kijana kapiga, sauti si ile. "Mama, kituo cha juu ya mto maji yanapanda tangu juzi. Kwako hayasogei. Nenda kakipige picha kipimo unitumie. Kama kituo cha juu kinasema kweli, maji hayo yanafika kwenu kabla hakujapambazuka."

Nikachukua panga kwa ajili ya mamba, nikateremka. Mamba hayupo. Rula nayo haipo. Maji mekundu, yanabeba magogo, na jiwe tunalofuliaga silioni. Limezama lini, rula imeng'oka lini, sijui. Ninachojua jana jioni nimetuma moja nukta tatu. Ya rula gani?

Nimekimbia hadi hapa kigengeni, nikapiga kelele, "Watu wa bondeni watoke!" Wakacheka. Mwenye kigenge akaniambia, "Wewe Bi Redio, mwaka jana ulisema chui kaingia ghala la korosho, tukajifungia, kumbe mbuzi wa mwalimu." Nikampigia dada. Naye, "Mdogo wangu, nimechoka na hadithi zako. Mpunga nimuachie nguruwe kwa sababu umeota? Mi nasikiliza namba. Namba ya leo ngapi?" Nikakata simu.

Mnaona nilipo? Nikisema tu tokeni, ni Bi Redio kaongea. Ili waniamini inabidi niseme namba zote zilikuwa za barazani. Na nikishasema je? Mwenyekiti atanifanyaje? Wale waliolala huko wiki tatu kwa namba zangu wataniangaliaje? Na yule kijana, si na yeye ataulizwa? Polisi je? Nimewaza nitume uongo mwingine, namba kubwa, mbili nukta tisa, watoke na mimi nisijulikane. Lakini kijana anataka picha. Halafu naye ataitumia namba hiyo hiyo kukadiria maji yanafika wapi, na mimi maji sijui yanafika wapi. Simu zake tatu sijapokea. Chai nimeimimina imepoa. Saa hizi ni saa tisa, na saa kumi ndo watu wanateremka bondeni na mablanketi yao. Nawaona kina mama wengine wameshaanza kufunga mizigo, wananipungia mkono, na mimi nawapungia.

Nyie mnaosoma, mngekuwa mimi mngeanza kumwambia nani, na mngeanzaje? Msinitukane, niambieni haraka, maji ya...

Huyo mwenye kigenge ananiita. "Bi Redio! Dada yako kapiga kwangu, anasema wewe unamkatia simu. Anauliza namba ya leo ngapi, shemeji yako kashajilaza dunguni huko. Njoo uongee naye."

Namba sina. Naenda kumwambia sina, na zile za wiki tatu zote zilikuwa za barazani.