Siku Tuliyomwagia Vumbi Maji

Majina yote ninayo. Ya wale walioshuka garini, ya dereva wao, ya mama aliyewapikia chai, hata ya ng'ombe aliyekata kamba siku hiyo akaingia kwenye migomba ya jirani. Wajukuu wangu hushangaa, mtu aliyeishia darasa la tatu anakaaje na majina mengi hivyo kichwani. Lakini hapa siandiki hata moja. Walio hai wasipate maneno, na waliokufa tuwaache walale.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mambo haya yalisemwa kwa Kiswahili. Nilijifunza nikiwa msichana, nikilea watoto katika nyumba ya Wahindi wenye duka la vitambaa pale Kisii mjini, na wao wenyewe walikuwa wanakibahatisha kama mimi. Kabla ya hapo nilijua Ekegusii na majani chai, basi. Nilizaliwa upande wa Ikonge, ambako ukifungua mlango asubuhi unaona kijani mpaka macho yanachoka. Nikaolewa huku kwenye vilima vya mawe, ambako ukifungua mlango unaona nyeupe. Nyeupe kwenye mabati, nyeupe kwenye majani ya ndizi, nyeupe kwenye kope za mume wako.

Mawe yetu ni laini, unaweza kuyakata kwa panga. Wanaume wanachimba na kuchonga, sisi wanawake tunapiga msasa. Sisi tunakaa na beseni la maji, jiwe linasuguliwa likiwa limelowa, kwa hiyo vumbi letu linageuka tope na kubaki mikononi. Lao linapaa. Na tangu zije hizi mashine za umeme za kukatia, linapaa zaidi, mtu akiwa kazini humuoni, unasikia tu kelele ndani ya wingu. Mume wangu alichonga, akakohoa, akafa. Tulisema ni sigara, na hakuwahi kuvuta hata moja. Lakini ilibidi tuseme kitu.

Kitinda mimba wangu alirithi panga la babake na kivuli chake cha kufanyia kazi, pale chini ya mparachichi. Kwa mikono alimshinda baba. Alichonga vifaru, sahani, watu waliokumbatiana, chochote ambacho mnunuzi alitaka. Kisha na yeye akaanza. Kwanza kikohozi cha asubuhi. Baadaye akawa hawezi kupanda kutoka mtoni bila kukaa njiani, akijifanya anafunga kamba za viatu. Kwenye kituo cha afya walipima makohozi, hawakuona kifua kikuu, lakini kwa kuwa alikonda wakampa dawa za kifua kikuu hata hivyo. Akameza mpaka akamaliza. Akarudi vilevile. Muuguzi mmoja, mama wa watu, alitutoa nje akasema taratibu kwamba huyu anahitaji daktari wa mapafu na picha nzuri ya kifua, na kwamba daktari wa namna hiyo hakai karibu na sisi.

Hapo ndipo watafiti walipokuja.

Tulitangaziwa kanisani siku ya Sabato. Mzee wa kanisa alisema kuna watu wa chuo kikuu wanataka kujua maisha ya wachongaji. Nusu yao watauliza kuhusu sanaa, mtu anaishije kwa kazi ya mikono yake. Nusu watauliza kuhusu afya. Watamvalisha mchongaji mashine ndogo ya kupima vumbi, akae nayo kutwa. Na nyumba zitakazoonekana zina vumbi jingi, wachongaji wake watapelekwa mjini, wapigwe picha ya kifua, waonwe na daktari wa mapafu, bila kulipa chochote. Nilimtazama mwanangu, naye alikuwa ananitazama. Mke wake alinibana mkono. Nilitoka kanisani nikiwa mwepesi, Mungu anisamehe, sikumbuki hata neno moja la mahubiri.

Sasa sikiliza tulichofanya.

Kwetu mgeni hakuti uwanja una vumbi. Hilo halifundishwi, unazaliwa ukiliona. Ukisikia mgeni anakuja unafagia, unanyunyiza maji, unafagia tena, na kama nyumba ni ya udongo unaipaka upya. Kwa hiyo kesho yake wanawake wa ukingo wote wa mlima tulikuwa mtoni na mitungi. Jirani yangu, rafiki yangu wa msasa tangu tukiwa maarusi, alinipita na mtungi kichwani akaniuliza kama natarajia gari au natarajia mkwe. Nikamwambia kwa jinsi ulivyojipaka mafuta, mkwe ni wako. Tulicheka njia nzima. Tulimwaga maji uwanjani, tukaosha mparachichi majani yote tuliyoyafikia. Hata marundo ya vipande vya mawe tuliyaosha, yakang'aa kama meno. Mkaza mwanangu akatundika pazia lake la arusi.

Waliofika kwetu walikuwa wawili. Mwanamume wa sanaa mwenye kinasa sauti, na msichana wa afya, mwembamba, mpole, aliyeniita nyanya na kuninyooshea mikono miwili. Msichana alimfunga mwanangu mashine kiunoni, na mrija mdogo ukapanda mpaka kwenye ukosi wa shati. Shati lenyewe lilikuwa la Sabato. Mwanangu akasema sasa amekuwa askari wa trafiki, asimame barabarani asimamishe mbuzi. Msichana alicheka, halafu akasema neno ambalo tulilisikia wote, na wote tukaitikia ndiyo.

"Fanyeni kazi kama siku zote."

Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Ungefanya nini wewe? Msichana wa watu, ametoka mbali, ana blauzi safi, amekaa hatua chache kutoka kwenye jiwe. Mwanangu alitazama mashine ya kukatia, akaifunika na gunia. Akachukua panga la babake. Akaniomba beseni. Akalowesha jiwe kama tunavyolowesha sisi wanawake, akawa anachonga polepole, akimwagia maji kila mara, tope linashuka kwenye suruali yake nzuri. Sijawahi kumwona mwanamume akichonga hivyo, na wala sikushangaa. Nilimletea maji mengine. Nilifurahi kwamba nimelea mtoto mwenye adabu.

Yule wa sanaa naye alikuwa na maswali yake. Alimuuliza mawazo ya kazi zake huyatoa wapi.

"Kwa mnunuzi," mwanangu akajibu, na tukacheka sote.

Akamuuliza kama hakungekuwa na mnunuzi angechonga nini. Hapo mwanangu alisimamisha panga. Nilidhani ni kifua. Kumbe alikuwa anafikiri. Akasema angechonga kitu kikubwa, kisichoingia kwenye sanduku la mtalii, kibaki hapa hapa na watoto wake wakipande. Yule bwana alilipenda sana jibu hilo, akamwomba alirudie vizuri kwenye kinasa sauti. Mwanangu akarudia, akakohoa katikati, akaombwa aanze upya.

Waliondoka jioni na mikungu miwili ya ndizi. Baada ya hapo mwanangu aliwaomba vijana wa machimboni wamletee jiwe kubwa. Walilivingirisha kutoka juu kwa kelele nyingi, likasimama karibu na mparachichi, refu kupita mimi. Alikuwa akilizunguka asubuhi na uji wake wa wimbi, akiweka kiganja hapa, akiweka pale. Nilimuuliza ni nini kitatoka humo. Akasema, ngoja kwanza nipate pumzi.

Walirudi baada ya mvua ndefu kutusomea walichokipata. Tulikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mkubwa wao, mtu wa nywele za mvi na sauti nzuri, alituonyesha picha ukutani. Alianza na ya sanaa, na kweli mikono ya mwanangu ilikuwa pale, mikubwa kama mlango, na maneno yake ya jiwe lisiloingia kwenye sanduku. Watu walimgeukia wakampigia makofi. Halafu akaja kwenye vumbi. Akasema upande wa pili wa bonde kuna vumbi la kutisha, na wachongaji wa huko wataanza kupelekwa mjini kuonwa. Lakini upande wetu, akasema, anataka kutupongeza. Upande wetu watu wanatumia maji. Vumbi lilikuwa dogo sana, na kama kuna wanaokohoa basi huenda ni moshi wa jikoni, tufungue madirisha.

Tulipiga makofi. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Tulisifiwa, tukapiga makofi, na mwanangu alipiga pamoja nasi, mpaka mikono yake ikapunguza mwendo, ikasimama. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Niliinuka. Dawati lilinishika, jirani yangu akanisukuma kutoka nyuma.

Nikasema, "Baba, siku ile tulikuwa tumemwaga maji."

"Ndiyo, mama, na tumewapongeza kwa hilo."

"Hatumwagi kila siku. Tulimwaga kwa sababu yenu."

Yule bwana akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba tuliombwa tufanye kazi kama siku zote.

"Mlikuwa wageni," nikamwambia.

Neno hilo lilitosha kwa kila mtu aliyekuwa kwenye madawati yale. Upande wa pili wa bonde, nilikuja kusikia, gari lilifika kabla ya siku waliyoambiwa, likawakuta walivyo. Wanawake wa huko walilia kwa aibu siku hiyo. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alirudisha miwani usoni, akasema ananiamini, lakini mashine imeandika ilichokivuta, na yeye hawezi kuandika siku ambayo haikupimwa. Kazi ilikuwa imefungwa na kupelekwa kwa wenyewe walioituma. Akipata nafasi ya kurudi, watapima upya. Msichana mpole alikuwa amesimama mlangoni. Nilipopita alinishika mikono miwili kama mara ya kwanza.

Tukiwa tunarudi mwanangu alikaa njiani kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Kutoka hapo niliacha kumwaga maji. Nilimkataza na mkaza mwanangu. Nilisema gari likirudi litukute tulivyo, waone, mashine ijaze tumbo. Vumbi likakaa uwanjani kama unga uliomwagika. Likapanda kwenye pazia la arusi, likaingia kwenye sufuria. Kuku walikuwa weupe wote, huwezi kujua yupi ni wa nani. Wageni wa kawaida walikuja wakakaa kwenye ukingo wa kiti. Mkaza mwanangu alivumilia, mwishowe akaniambia, "Mama, watu wanasema nimeshindwa na nyumba." Nikamjibu waache waseme. Na mwanangu, ambaye vumbi hilo ndilo lilikuwa linamla, alikaa mlangoni akilitazama, kwa sababu nilimwambia ndiyo njia pekee iliyobaki, na kwa sababu hakuwa na nguvu za kubishana. Tulimwomba aache kuchonga akaacha, maana panga lilikuwa limeshamshinda. Kila nikisikia injini barabarani nilitoka nje. Ilikuwa ya majani chai, au ya soda.

Tulijaribu kumpeleka mjini sisi wenyewe. Walitutuma mbele, na huko mbele wakatutuma mbele. Siku tuliyompata daktari wa mapafu, alitazama picha akauliza mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani. Alisema "alikuwa", na mgonjwa ameketi hapo.

Alifia nyumbani, asubuhi, akiwa ameegemea mito kwa sababu kulala alikuwa hawezi. Mkewe alikuwa anamshikia kikombe cha uji. Jiwe lake liko pale, halijaguswa na panga hata mara moja, ila upande mmoja limekuwa laini pale alipokuwa akiweka kiganja.

Siku moja kabla ya mazishi wanawake wa mlima wote waliingia uwanjani kwangu na mitungi. Hawakuuliza. Jirani yangu ndiye alitangulia, hakuwa na utani siku hiyo. Alisimama mbele yangu maji yakimdondokea begani.

"Watu wanakuja kesho," akasema. "Hatuwezi kuwakalisha kwenye hili."

Nilitazama barabara. Kisha nikamwambia amwage.

Walimwaga, wakafagia, wakamwaga tena. Maji meupe yakashuka mpaka kwenye migomba. Mkaza mwanangu akakung'uta pazia, akalitundika. Jioni uwanja ulikuwa safi kama siku ile ya gari, hakuna hata chembe ya vumbi la kumwonyesha mtu, na watu walipofika walisema mama huyu ana nyumba nzuri.