Sauti Chini ya Sauti ya Nurudini

Mwamvua binti Khamisi hakwenda Kibondo kutafuta faraja. Alikwenda kutafuta ushahidi. Mama yake, Niyubahwe, alikuwa amezikwa Kitahana wiki chache nyuma, na pale msibani watu wa kule walimsema kwa mafumbo kwanza, kisha waziwazi: mtoto gani huyu, ana duka la vitenge Kasulu mjini, na mama yake amekufa akijitekea maji mwenyewe? Mjomba Mpawenimana, kaka wa marehemu, ndiye aliyemaliza kazi mbele ya waombolezaji wote.

"Wewe umekuja kumzika," alimwambia. "Kumwona hukuja."

Maneno yalimchoma, na Mwamvua si mtu wa kuchomwa akanyamaza. Tena jibu alikuwa nalo tangu akiwa darasa la saba, amelitunza kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja. Mama yake mwenyewe alisema redioni, Kasulu na Kibondo yote ikisikiliza, kwamba amefurahi mtoto yuko kwa baba yake na asihangaike kurudi.

"Siku ya kuondoa matanga nitawaletea sauti yake," aliwaambia. "Mtamsikia mwenyewe, halafu tuone nani atainamisha kichwa."

Kabla ya kuondoka siku ile alifanya jambo jingine. Mlango wa nyumba ya marehemu haukuwa na komeo wala kitasa, ndani wala nje. Ubao mtupu, hata kuku anausukuma akaingia. Mwamvua aliona aibu, akasema hata ufukara una kiasi chake. Akanunua kufuli kubwa pale senta, akamwita fundi apigilie pete zake, akafunga, ufunguo akautia kwenye pochi. Majirani walitazamana. Mama mmoja alifungua kinywa kutaka kusema kitu, akakifunga.

Sasa, kisa cha redio kilikuwa hivi. Baba yake, marehemu Khamisi, alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu mwenye ndugu hadi pwani. Alimwoa Niyubahwe enzi alipokuwa akifuata maharage Kitahana. Ndoa ilipovunjika alikuja na gari, akamchukua Mwamvua, mtoto wa miaka sita, akampa soda ya njiani, na ikawa basi. Aliyemlea ni shangazi Asmahani, dada wa baba, mwanamke safi wa nyumba na mchafu wa ulimi, aliyekuwa na kauli yake moja: "Mama yako kakutoa mwenyewe." Kiha, lugha ya mama yake, alikipiga marufuku nyumbani. Ni lugha ya jembe, alisema.

Kila Jumapili redio ya Kibondo ilikuwa na kipindi kiitwacho Wimbo Niupendao, na mpaka leo kipo. Mtu wa kawaida, awe mkulima au fundi baiskeli, anaitwa studio, anachagua nyimbo azipendazo na kueleza kwa nini. Mtangazaji alikuwa Nurudini, mwenye sauti ya kumbembeleza hata mdai. Kanuni ya kituo wakati huo ilikuwa Kiswahili tu hewani. Mgeni asiyekijua aliachiwa aanze na Kiha chake, kisha sauti yake inashushwa, na Nurudini anapanda juu yake na tafsiri. Wasikilizaji walishazoea.

Jumapili moja Mwamvua alikuwa dukani kwa baba akikunja vitenge, shangazi akiwa kwenye kiti chake, mara redio ikataja jina la mama yake. Kikasikika Kiha kidogo, kikazama. Nurudini akapanda: "Mama yetu anasema wimbo huu anamtolea binti yake aliyeko Kasulu. Anafurahi kwamba yuko pazuri kwa baba yake. Anamwambia atulie, asome, asihangaike na njia ya kurudi." Ukafuata wimbo wa gitaa, wa zamani.

"Umesikia?" akauliza shangazi.

Alikuwa amesikia. Tangu hapo wimbo ule ukipigwa popote alizima redio, na kama redio si yake aliondoka. Harusi mbili aliziacha wali ukiwa bado jikoni. Na Kitahana hakukanyaga tena mpaka alipoitwa kuzika.

Basi huyo akafika kituoni Kibondo, ushungi wa hariri, pochi kwapani. Alipelekwa kwa Ange, dada anayetunza maktaba ya sauti. Kaseti zote za zamani zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta, na Mwamvua alidhani atataja jina la mama yake apewe chake aondoke.

"Majina ya wageni hatuna, mama," Ange alisema. "Zimepangwa kwa nyimbo."

"Kwa hiyo mtu si kitu?"

"Waliopanga waliona wimbo utahitajika tena. Mgeni akishaondoka, kaondoka. Wimbo wenyewe unaitwaje?"

Mwamvua hakujua unaitwaje. Angejuaje, naye kila ukianza anakimbia? Ikabidi auimbe. Mwanamke mzima, mwenye duka na heshima zake, akasimama katikati ya ofisi ya watu akauguna wimbo alioukimbia zaidi ya miaka ishirini. Na alichukia kugundua kwamba anaujua wote, mpaka pale gitaa la pili linapoingia.

Ange aliutambua mara moja, akacheka. "Huu ulitoka ng'ambo, uliingia kupitia mpakani Manyovu. Jamani, ulipendwa huu! Tutakaa."

Kweli wakakaa. Kila aliyewahi kuuchagua wimbo ule alikuwemo, na ilibidi wasikilizwe mmoja baada ya mwingine. Bwana harusi wa Muyama aliyeupenda kwa sababu mchumba alimkubali ukipigwa. Mkunga aliyesema unamsaidia kusubiri. Mlevi mmoja alichekacheka tu hakueleza lolote. Mwamvua aliwasikiliza kwa hasira, kana kwamba wameingia chumbani mwa mama yake bila hodi.

Alasiri ilikuwa imeingia ndipo Niyubahwe akaamkia kwa Kiha.

Mwamvua alishika meza. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mwanamke kijana kuliko yeye alivyo sasa, na hilo hakulitegemea. Ikashushwa. Nurudini akapanda na maneno yaleyale, asome, atulie, asihangaike. Ushahidi huo! Lakini safari hii alikuwa na vipokea sauti masikioni, na chini ya asali ya Nurudini alimsikia mama yake akiendelea kusema, haraka haraka, kama mtu anayemkimbilia dereva aliyekwisha kuwasha gari. Nurudini akamaliza. Fundi mitambo alichelewa kidogo kuingiza wimbo, na katika nafasi ile Niyubahwe akabaki hewani peke yake. Alikuwa analia.

Mwamvua alishika "mwana wanje" tu, mwanangu. Kilichobaki cha Kiha chake hakikutosha.

"Rudisha," alisema. "Unasikia? Anasemaje?"

Ange alirudisha, akasikiliza, akavua vipokea sauti polepole. "Anasema, 'Walimchukua mwanangu nikiwa shamba. Mwambieni mlango wangu siufungi. Hata akija usiku, asukume tu.'"

"Hayo ya chini je? Mpunguze huyo mwanamume nimsikie."

"Wako kwenye utepe mmoja, mama. Nikimpunguza mzee Nurudini, nampunguza na yeye."

Nurudini mwenyewe alikuwapo, siku hizi mzee wa kofia na fimbo, anakuja kituoni kusalimia na kusalimiwa. Alipoambiwa kuna binti Khamisi aliingia na furaha zake. Wakampa asikilize. Akatabasamu kwa kuisikia sauti yake ya ujana.

"Maikrofoni ile ilikuwa nzuri sana," alisema.

"Mzee wangu, mama yangu alisema nini?"

"Si nimetafsiri hapo?"

"Nakuuliza alichosema yeye."

Mzee alimtazama Ange, akaelewa kwamba siri imekwisha. Akakohoa.

"Mwanangu, kile ni kipindi cha burudani. Watu hawafungulii redio Jumapili kusikiliza kesi za talaka. Tena mdhamini wetu alikuwa duka la baba yako. Ningetangaza kwamba mdhamini kamwiba mtoto? Nikatia maneno ya heri. Sikumtukana mtu."

"Hukumtukana mtu," Mwamvua alisema. "Ulimsemesha mama yangu maneno yako, nami nikamchukia kwa sababu ya hayo mpaka amekufa. Haya, nipe basi na yale mengine. Alisema mengi pale chini."

"Wageni walikuwa wengi, mwanangu. Sikumbuki."

Uongo angeweza kuulaani, ukamtosha. Lakini kutokumbuka! Mwanamke aliacha jembe akaja Kibondo kumwita mwanawe, na mtu pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho alimsahau, mama wa watu akiwa bado kwenye ngazi za kituo. Mwamvua alitamani kumpiga mzee yule na fimbo yake mwenyewe. Badala yake alifungua pochi atafute kitambaa, vidole vikagusa ufunguo.

Siku ya kuondoa matanga watu wa Kitahana walikuwa wamejaa uani, na kwa kuwa nyumba ilifungwa, vyungu vya marehemu viko ndani na wao wako nje, waliazima vya jirani. Mama yule aliyetaka kusema kitu siku ya kufuli ndiye aliyekuwa akipika. Mjomba Mpawenimana alimsogezea Mwamvua kigoda.

"Haya, mwana. Umetuahidi sauti."

Simu ilikuwa mkononi, sauti imo, Ange alimwekea. Mwamvua hakuiwasha. Aliwapita watu waliokuwa wakimtazama, akaenda kwenye kufuli la mlango, na ufunguo ukakataa mara kadhaa kuingia.

"Alikuwa ananiita, mjomba," alisema bila kugeuka. "Miaka yote aliniachia wazi. Nami siku nilipofika, nikafunga."