Kiti cha Pili Kwenye Mashindano

Kama unataka kumwona mtu anayeona wivu mchana kweupe bila kujificha, njoo gereji kwetu umtazame Dada Spea. Nasema nikimjua. Mimi hupaka magari rangi upande wa nyuma, na kaunta yake ya spea inatazamana na mimi, kwa hiyo hakuna kinachonipita. Akifurahi najua, akinuna najua, na mwaka ule wa safari alinuna mpaka tukaogopa kumwomba chenji.

Gereji ni ya mdogo wake, ambaye sote tunamwita Fundi. Jina la Fundi limejengwa na sikio. Gari likiletwa linagonga, hana haraka ya kulifungua. Anawasha injini, anaegesha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anasikiliza. Dada Spea naye kule kaunta anatega sikio, na kabla mdogo wake hajafungua mdomo ameshateremsha kitu kutoka kwenye rafu na kukiweka mezani. Fundi anageuka, anatazama, anamwambia mteja, "Ni beringi ya pampu ya maji." Na kweli huwa ni beringi ya pampu ya maji. Mteja anabaki mdomo wazi, Dada Spea anavimba kichwa. "Sisi tumezaliwa na injini masikioni, mzee. Wewe lipa tu."

Walipokuwa wadogo, mashindano ya magari yakionyeshwa kwenye televisheni walikuwa wanafumba macho na kubishana ni gari gani limepita, kwa mlio peke yake. Wakaahidiana kwamba siku moja watakwenda nje kuyasikia yenyewe. Walipofungua gereji waliweka utaratibu ambao mpaka leo sijauona kwingine: faida ya spea zote ni ya mishahara na nyumba, isipokuwa plagi. Plagi ni za safari. Ndiyo maana mteja wa plagi alichangamkiwa pale kaunta utadhani ni ndugu aliyepotea miaka mingi, na mteja wa pedi za breki akaambiwa asubiri.

Lakini plagi hazijazi mfuko haraka. Miaka ikaenda, Fundi akaoa msusi, mwanamke mpole mwenye saluni mtaa wa pili, asiyejua klachi ni kitu gani. Mbele yake Dada Spea alimwita wifi. Akiondoka alikuwa "yule". Basi mfuko ulipofika mahali pa kuwatosha watu wawili, nauli, viza, chumba na tiketi, Fundi akaja kaunta akijipangusa mikono kwa tambara.

"Dada, nitakwenda na wifi yako," akasema.

Dada Spea aliinamia droo kama anatafuta kitu. "Na mimi je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi hakujibu. Alikunja tambara lake, akarudi kwenye gari alilokuwa akilitengeneza.

"Umeona, wa rangi?" Dada Spea aliniambia, machozi yanamlengalenga. "Hata kunijibu! Plagi nimeuza mimi, halafu kiti akalie yule wa kusuka nywele!" Nilimwelewa. Hakuwa anaililia ndege wala hoteli. Alitaka awe ubavuni kwa mdogo wake siku ile injini zinapowashwa, na mahali pake pamepewa mtu mwingine. Roho ilimuuma, na haki yake imuume.

Ajabu ni kwamba kazi ya kupanga ilibaki kwake, maana hakuna mwingine pale anayeweza kubana hela. Basi akabana. Hoteli ya karibu akaikata, akawatafutia chumba cha mbali cha kubadilisha basi njiani. Sanduku la pili la wifi akalifuta, eti dawa za nywele huko zipo. Kila alichokata kilikuwa cha wifi, na kila akikata alipumua vizuri kidogo.

Fundi aliomba kitu kimoja tu. Alitaka tiketi za jukwaani, mbele ya skrini kubwa inayoonyesha mashindano.

"Skrini?" Dada Spea alikuja kuropoka kwangu. "Tangu lini huyu akataka skrini? Siku zote tumesema kona! Kwenye kona ndiko dereva anapunguza gia, injini inalia mpaka unaisikia tumboni. Ni yule kamtia maneno. Anataka kukaa kivulini atazame sinema." Tena tiketi ya jukwaani bei yake ilikuwa haishikiki, na ya kona ni ya kusimama kwenye majani, rahisi. Akamwendea wakala wa safari bila kumuuliza mtu. Akamkatia Fundi ya kona. Akamkatia wifi ya jukwaani. Akarudi ametulia kabisa.

"Kama si mimi wa kukaa naye," akaniambia, "basi hakai mtu."

Nilicheka. Alinikazia macho, nikarudi kwenye rangi yangu.

Tiketi zilipotoka alipewa wifi, kwa kuwa pasi za kusafiria zilikuwa kwake. Kesho yake asubuhi akaja gereji na zile karatasi mkononi, aproni ya saluni bado kiunoni. Fundi alikuwa uani amelala chini ya lori. Mimi nilikuwa napiga msasa mlango, nikaacha.

"Wifi, hizi zimekosewa," alisema.

"Hazijakosewa. Yeye anapenda kona. Hilo ungelijua kama ungekuwa unamjua."

Nilitegemea ugomvi. Wifi aliangalia uani kwanza, kisha akasogea kaunta.

"Kwenye kona hatapata kitu, wifi. Magari yatampita tu. Hasikii."

"Nani hasikii?"

"Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia nalo linaelekea huko huko. Daktari amesema halirudi. Ndiyo maana anataka skrini, awe anasoma kinachotokea, na mimi nimwambie mengine. Mimi amenizoea kunisoma midomo."

"Muongo," alisema Dada Spea. "Jana tu kajua feni ya ile gari nyeupe kwa mlio."

"Nani aliyeuweka mkanda wa feni hapa mezani?"

Nilimwona Dada Spea anaitazama rafu, halafu meza, halafu rafu tena. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama, maana nimeyaona yale kila siku na sikuwahi kujiuliza Fundi anageuka kutazama nini.

"Alikwambia lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" Hapo ndipo wivu ulipomshika barabara. Safari ilikuwa mchezo. Huyu mwanamke amelala na kuamka na jambo hilo miaka yote hii, na yeye, damu yake, hajui. "Mimi hakuniambia kwa nini?"

"Unamsifia sikio kwa kila mteja, wifi. Angeanzia wapi?" Akasukuma tiketi ya jukwaani juu ya meza. "Chukua wewe. Nimekwisha kuamua tangu usiku. Nendeni wawili, mimi nina saluni."

Dada Spea aliitaka ile tiketi. Nilimwona mkono ukienda. Ukaishika, ukaigeuza, ukairudisha.

"Aende na aliyemwambia," akasema.

Kisha akavaa viatu vyake, akachukua ile ya kona, akaenda kwa wakala kuibadilisha, na nyongeza aliilipa kwa hela yake, hakugusa za plagi. Aliporudi, Fundi alikuwa amesimama kaunta anamngoja, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Umepata za jukwaani, dada?"

Siku nyingine angejibu huku anahesabu boliti. Safari hii alimsogelea, akasimama uso kwa uso, akasema polepole, kila neno peke yake:

"Nimepata. Mtakaa pamoja."

Fundi alimwangalia midomo mpaka ilipofumba. Kisha akamwangalia macho, akaelewa.

"Amekwambia," alisema.

"Yeye ameniambia," Dada Spea akajibu. "Wewe je?"