Paka Safi na Kikombe cha Baba

Maziwa ya unga yakichemka mpaka yakashika chini ya sufuria hutoa harufu tamu yenye uchungu kwa mbali, na mimi nikiisikia, hata leo, hutoka jikoni. Wanangu hunicheka. Wanasema mama yao aliyezaa mara tano anaogopa maziwa. Waache wacheke, ninyi nitawaeleza.

Tulikaa Kamalondo, Lubumbashi, miaka ile ambayo kila mtu mzima aliitwa citoyen, yaani mwananchi, hata na mtu aliyekuwa akimtukana. Baba alikuwa fundi wa betri za magari. Katika kibanda kilichoegemea ukuta wa jikoni alivunja betri zilizokufa, akatoa risasi iliyomo ndani, ile metali nzito ya kijivu, akaiyeyusha katika sufuria kuukuu na kuimimina upya. Moshi wake ulipita jikoni kwetu bila kupiga hodi. Mafundi wote wa kazi ile, na hata wale walioyeyusha shaba viwandani, waliamini jambo moja: maziwa huosha kifua na tumbo. Basi kila jioni Mama alimchemshia Baba kikombe kimoja, na sisi watoto tulijua kwamba kile hakiombwi.

Mwenye haki ya masalio alikuwa paka wetu, Safi. Alinizidi umri. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuchoka kujilamba. Mchana kutwa alilala juu ya magunia ya Baba yenye vumbi la kijivu, maana yalikuwa karibu na moto, na akiamka alijilamba kuanzia kucha hadi mkia. Mama alikuwa akiniambia, "Tazama mwenzako. Yeye hakuna anayemukumbusha kuoga."

Mwaka niliotimiza miaka minane, Safi alianza kudondosha mate. Kisha akawa anatapika. Alipotaka kurukia ukuta, miguu ya nyuma ilikataa. Siku nyingine alisimama akiukodolea ukuta macho na kulia, kama aliyefungiwa mlango. Nilimpenda kuliko ndugu zangu, nasema kweli, na nilimwona anakwisha.

Jirani yetu, Mama Zaina, alisema amekula panya mwenye sumu. Tukamnywesha mafuta ya mawese, dawa ya sumu ya kila nyumba kwetu. Akayatapika. Mama Zaina akabadili maneno: paka akizeeka kupita kiasi hubeba mikosi ya nyumba, kwa hiyo tumwache aende nayo. Nililia siku mbili, nikasusa bukari, ugali wetu, mpaka Baba akakubali kwenda kwa daktari wa mifugo wa machinjioni.

Safi alikwenda ndani ya kikapu, amefunikwa kitenge. Daktari alikuwa mzee mrefu, mwenye koti lililowahi kuwa jeupe. Alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akapitisha kidole kwenye manyoya, kisha akakipeleka kile kidole dirishani akikitazama.

"Citoyen, unatumikaka kazi gani?"

"Minatengenezaka batri ya motokari," Baba akajibu.

"Na hii paka inalalaka wapi?"

"Pa magunia yangu ya kazi."

Daktari akamwacha Safi mezani. "Fungula kinywa."

Baba akacheka. "Docteur, mugonjwa ni paka. Haiko miye."

Mzee hakucheka. Alimwinua Baba mdomo kwa kidole gumba, akaangalia ufizi kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia na mimi vilevile. Nilikasirika sana. Mgonjwa wangu alikuwa akitetemeka mezani, na huyu anahesabu meno ya watu wasioumwa! Halafu akaingia kwenye Kifaransa, lugha ambayo wakubwa waliitumia kufunga mlango bila kuinuka. Nilidaka neno moja tu, enfants, watoto. Baba alikuwa ameacha kucheka.

Njiani nilimwuliza Safi anaumwa nini.

"Anasema iko muzee," Baba alisema. "Basi."

Safi alikufa siku ya tatu. Baba alimzika pamoja na yale magunia yote, na kesho yake akabomoa kibanda, akahamishia kazi mbali, kando ya reli. Tangu hapo akirudi jioni alioga kwanza uani na kubadili nguo, na ole wangu nikimkimbilia kabla hajaoga. Niliona amechukia kelele nilizopiga kwa ajili ya paka. Nililibeba hilo moyoni miaka mingi.

Kikombe cha maziwa nacho kikawa changu. Baba alisema ameyachoka. Kwangu maziwa yale yalinuka bakuli la Safi, kwa hiyo nilikipeleka nyuma ya jikoni na kukimwaga chini ya mpapai. Mpapai ule ulizaa vizuri sana.

Nilikuwa mama wa watoto wawili mikono ya Baba ilipolegea. Viganja vilining'inia, vifungo vya shati vikamshinda, tumbo likamsokota. Hospitalini daktari kijana alimwinua mdomo, akanionyesha mstari wa rangi ya samawati kwenye ufizi. Risasi, alisema, ya miaka mingi. Mama akanung'unika, "Mficha maradhi kifo kitamuumbua." Mimi akilini nilikuwa nakitazama tena kidole gumba cha yule mzee wa machinjioni.

Tulipobaki wawili nilimwuliza. "Baba, ule docteur ya banyama, alikuambiaka?"

"Alinambia. Iko mu paka, iko mu miye, na itaingia mu batoto."

"Na weye ukanyamaza."

Alinitazama kama mtu aliyeonewa. "Sikunyamaza. Nilikupatia maziwa."

Leo najua kwamba maziwa hayaondoi risasi mwilini. Baba hakujua. Alikuwa na dawa moja tu aliyoiamini, kikombe kimoja kwa siku, akaiacha ili niipate mimi, na mimi kila jioni niliunywesha mpapai. Sikuweza kumwambia. Tulimzika akiamini kwamba niliyanywa.